Muulize Fundi: Gogo la mfenesi liliruka, sasa nikisikia mota mikono inatetemeka

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja za mashine za mbao. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake limekuwa refu zaidi, wengine mnivumilie, zenu ziko chini.

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi ni binti wa Arua ila nasoma sanaa hapa Kampala, mwaka wa pili, nimechagua uchongaji. Nyumbani mbao nilikuwa naona tu kwa seremala wa jirani, mashine sijawahi kugusa. Huku karakana yetu ina msumeno wa meza, msumeno wa mkanda, mashine ya kukereza, drili ya kusimama na mashine ya kuranda, alafu sisi ni wengi na fundi wa karakana ni mmoja. Siku ya kwanza alituonyesha swichi akasema muwe makini, basi, yakaishia hapo. Wiki mbili zilizopita jirani wa hosteli alikata mfenesi wake, nikaomba gogo moja nikalileta kwa bodaboda nikitaka kulipasua katikati nipate uso bapa wa kuchongea. Nikaliweka kwa msumeno wa meza. Mzee, lile gogo lilizunguka mkononi mwangu kama mtu amelinyakua, likaruka likapiga ukuta. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini toka siku hio nikisikia tu mota inaanza mikono inatetemeka. Wavulana wanacheka wanasema nikachore picha. Naomba nielezwe nini kilitokea maana hakuna aliyenieleza. Na je, nivae glovu? Mimi navaa hijabu pia, kuna mtu kasema hijabu na mashine haviendi pamoja, ni kweli? Ama niachane na mashine nibaki na patasi? Koswaki, ile kazi ya darasa ya kupewa alama, inatakiwa baada ya wiki tatu.

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana. Hio mikono inayotetemeka usiionee aibu, mwili wako umeelewa jambo ambalo hakuna aliyekuambia kwa mdomo. Hao wanaocheka siku gogo likiwarukia wao watanyamaza.

Nianze na neno moja linaloniudhi tangu nikiwa kijana wa kufagia maranda, neno "muwe makini". Makini vipi? Mtu mwenye njaa ni makini, mtu mwenye hofu ni makini kupita kiasi, na bado mbao inamrukia, maana mbao haingoji uikodolee macho, inakwenda pale nguvu inapoisukuma. Ulihitaji kuambiwa hio nguvu inaelekea wapi. Ngoja nikuambie mimi.

Simama kwa mawazo yako mbele ya msumeno wa meza. Upande wako, meno yanashuka kuelekea meza. Upande wa nyuma, kule mbali, meno yanapanda juu alafu yanakuja kwako. Mbao bapa iliyokaa vizuri, meno ya mbele yanaikandamiza kwenye meza, meza inaikataa, basi inatulia na kukatika. Sasa wewe ukaleta gogo la duara. Gogo linagusa meza kwenye mstari mmoja mwembamba tu, pembeni yake kote ni hewa. Meno yakashuka yakasukuma mahali ambapo chini yake hakuna kitu, gogo likafanya kitu pekee linachoweza, likabingirika, na lilipobingirika likaufinya msumeno, na meno ya nyuma yakalidaka na kulitupa. Yote hayo yanatokea kabla jicho halijapepesa. Na kasi si ya mchezo: msumeno wenye upana wa milimita 300 ukizungushwa mara 2,850 kwa dakika, jino lake linakwenda karibu kilomita 160 kwa saa, hakuna basi la Gulu linalokimbia hivo. Hakuna mkono wa binadamu unaoshindana na hilo, wa mvulana wala wa msichana. Kwa hio kosa halikuwa udhaifu wako, na wala halikuwa kukosa umakini. Gogo halikuwa na kiti.

Na hapa ndipo ninyi wanafunzi wa sanaa mna hatari yenu ambayo seremala wa Ndeeba, mtaa wa mbao hapa Kampala, hana. Yeye anapokea mbao iliyopasuliwa tayari, upande mmoja umenyooka, anaulaza kwenye meza, mwingine anaubana kwenye fensi, kile kizuizi kilichonyooka cha kuongozea mbao, kazi inakwenda. Hizo mashine zilibuniwa kwa ajili yake. Wewe unaleta gogo, tawi lililopinda, mzizi, kipande cha kitanda cha zamani, kipande cha mtumbwi, na huo ndio uzuri wa kazi yenu. Nenda maktaba kuu ya Makerere ukaliangalie lile sanamu la Francis Nnaggenda la mhanga wa vita, uone mti ulivyoachwa ukabaki mti. Msanii anaupenda mti kwa sababu umepinda, na mashine inauchukia kwa sababu hio hio. Basi kazi yako ya kwanza, kabla ya swichi, ni kuupatia mti kiti. Mti usipokaa, usiukate. Hili ningependa uliandike kwa chaki ukutani pale karakana.

Unaupatiaje kiti? Njia ya zamani ni tezo. Mafundi wa mitumbwi kando ya Ziwa Victoria na mafundi wa ngoma wa Mpambire njia ya Masaka wanaijua vizuri: unachapa upande mmoja wa gogo mpaka unakuwa bapa, alafu randa ya mkono. Njia ya pili, gogo unalifunga kwa skrubu juu ya ubao bapa, skrubu zikae mbali na njia ya msumeno (pima mara mbili hapo, nakuomba), sasa kinachotembea juu ya meza ni ule ubao na gogo ni abiria tu. Njia ya tatu, unatengeneza kitanda chenye umbo la V, gogo linalala ndani, unalikaza kwa kabari. Na kwa gogo tumia msumeno wa mkanda, achana na wa meza. Mkanda meno yake yanashuka moja kwa moja chini, hayana safari ya kurudi kwako, kwa hio haukutupii mbao usoni. Lakini usidanganyike, hata mkanda ukipewa kitu cha duara kisicho na kiti unakizungusha na kukivuta, na vidole vyako vinavutwa pamoja nacho. Kile kifuniko cha mkanda kishushe mpaka kibaki kama milimita 6 juu ya mbao, wengi wanakiacha juu kabisa kwa uvivu na mkanda wote unabaki wazi.

Alafu kuna jambo la gogo lenyewe kuwa bichi. Mfenesi umekatwa juzi, umejaa maji. Mbao mbichi inapopasuliwa inajifunga, ile njia uliyoikata inabana msumeno kama mlango umefungwa juu ya kidole. Kwa hilo ndio kuna kile kibati cha chuma kinachosimama nyuma tu ya msumeno wa meza, kinaizuia njia isifunge na kinaizuia mbao isiguse meno ya nyuma. Kaangalie kama mashine yenu inacho. Mashine nyingi zinazoungwa hapa nyumbani ni mota, mkanda wa mpira na meza ya chuma, kibati hakuna, kifuniko hakuna. Na hata zile za kuagizwa, mtu anakuja anakitoa anasema kinasumbua, anakitupa kona. Kama kiko kona, kirudishwe. Kama hakipo kabisa, welda na fundi wa mashine wanaweza kukitengeneza kwa kukifuata kipimo cha msumeno wenyewe, kisiwe kinene kuliko njia inayokatwa. Mwambie lekchara kwa heshima lakini mwambie, mkiwa wengi mkasema pamoja ni bora zaidi.

Kwa mbao zako za kawaida, zile bapa, shika haya. Simama pembeni kidogo, usisimame kwenye mstari wa msumeno, maana kikirudi kitu kinapita mstari huo huo. Pandisha msumeno kiasi meno yachungulie tu juu ya mbao. Mkono usikaribie zaidi ya sentimita 15, baada ya hapo ni kijiti cha kusukumia, na hicho kijiti kiwepo mezani kabla hujawasha, sio unaanza kukitafuta katikati ya kazi. Fensi na kile kipima pembe cha kusukumia mbao ya kukatwa kwa kukingama usivitumie pamoja kwenye mkato mmoja, kipande kinakwama katikati yao na kinarushwa. Vipande vilivyobaki usivifagie kwa mkono msumeno ukiwa unazunguka, hata ukiwa umeshazima, ngoja usimame kabisa. Na mwenzako anayepokea upande wa pili apokee tu, asivute, mimi nimeshaona mkono wa msukumaji ukifuata mbao iliyovutwa na sitaki kuliona tena.

Glovu: hapana, mwanangu, hapana kabisa kwenye kitu kinachozunguka. Najua inasikika kinyume, mtu anadhani kitambaa ni kinga. Jino likigusa ngozi linakata, ni vibaya, lakini likigusa glovu linaidaka na kuuvuta mkono wote ndani. Glovu vaa ukibeba magogo. Pete, bangili, saa, shanga, vyote vibaki kwenye begi. Mikono mirefu ikunje mpaka juu ya kiwiko.

Hijabu sasa. Aliyekuambia haviendi pamoja amekosea, na nimefundisha mabinti wa hijabu wanaokereza bakuli vizuri kuliko mimi. Kinachotakiwa ni kwamba pasiwe na ncha inayoning'inia. Vaa ile ya ndani inayobana kichwa, au ya kuvuta isiyo na mtandio mrefu, ncha zote ziingie ndani ya koti la kazi na koti lifungwe mpaka shingoni, na pini usitumie. Hio hio ni kwa dada mwenye rasta ndefu, kwa kaka mwenye tai, kwa mwenye kamba za hudi. Mashine ya kukereza ndio hatari zaidi hapa kuliko msumeno, maana haikati kitambaa, inakizungushia, na wewe unafuata.

Na kwa kuwa nimeitaja, kukereza kuna hesabu moja ambayo wasanii wanaisahau. Kipande kisicho na uzito sawa pande zote kinatikisa, na nguvu ya kutikisa haiongezeki kidogo kidogo: ukiongeza kasi mara mbili, inakuwa mara nne. Kwa hio kipande chenye magamba na kona anza na kasi ya chini kabisa mashine iliyonayo, kizungushe kwanza kwa mkono uone hakigusi pale unapoegemeza patasi, kaza kila kitu, simama pembeni ndio uwashe. Kikishakuwa duara ndio unapandisha. Kikiwa na ufa, usikipandishe kabisa, tafuta kingine. Uso ufunikwe na ngao ya plastiki, miwani peke yake hapo haitoshi.

Kuhusu hofu, nakupa kitu ambacho mwalimu wangu alinifanyisha na mimi nimewafanyisha wengi. Nenda karakana kabla ya watu, chomoa waya ukutani kabisa, waya uone kwa macho yako umelala sakafuni. Alafu fanya mkato wote bila stima. Weka mbao, shika kijiti, sukuma, tembea, ona mguu wako unaishia wapi, ona mkono wa kushoto unatoka saa ngapi, jiulize hapa mbao ikirudi inapiga wapi. Fanya mara kumi. Hapo utagundua mwenyewe kona inayokukwaza, au kwamba swichi iko mbali na goti lako. Ukichomeka, mwombe fundi wa karakana asimame na wewe, wewe na yeye tu, mkate mbao moja laini ya paini iliyonyooka. Mmoja mmoja, mkiwa darasa zima hamjifunzi mashine, mnaangalia mgongo wa mtu.

Na siku za kufunga, binti yangu, mashine iwe asubuhi. Saa kumi na moja jioni ya Ramadhani kaa na msasa na kalamu, mikono yenye kiu haina hesabu nzuri.

Kuacha mashine? Koswaki hii, ndio, ifanye kwa mkono. Gogo bichi la mfenesi linachongeka vizuri sana kwa patasi na tezo, ni laini likiwa bichi na ile rangi yake ya njano ni zawadi. Paka nta au rangi kwenye vichwa vyake viwili leo hii lisipasuke kwa kukauka haraka, maana mbao nene inakauka taratibu, wazee wanahesabu kama mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, wiki tatu hazitoshi kitu. Lakini mashine usiziache kabisa. Utakuja kuzihitaji kwa msingi wa sanamu, kwa viungo, kwa kazi kubwa, na sipendi umtegemee mvulana wa kukukatia kila mara.

SWALI: Fundi habari, niko Jinja, natengeneza fremu za picha. Kila nikiranda mvule napiga chafya siku nzima, macho yanawasha na mikono inatoka vipele. Msonobari haunifanyi hivo. Ni mzio ama?

JIBU: Ndio ndugu yangu, mvule una tabia hio, vumbi lake linajulikana kuwasha ngozi na kuchokoza kifua, wengine linawaletea pumu kabisa, na ukishaanza kuathirika kila mara inakuwa rahisi zaidi. Ile leso unayofunga mdomoni haizuii kitu, vumbi jembamba linapita. Tafuta maski zenye alama ya N95 au FFP2, ibane puani. Randa nje au mlangoni upepo ukiwa unatoka kwako, sakafu ufagie ikiwa imenyunyiziwa maji, na nguo za kazi usiende nazo kitandani. Na usiseme ni chafya tu: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Kifua kikibana usiku muone daktari na umwambie neno mvule. Nyongeza moja: ndani ya mvule mara nyingine kuna mawe, ndio, mawe ya chokaa yanayoota ndani ya mti wenyewe, yanavunja meno ya msumeno. Ukisikia mlio umebadilika ghafla, zima.

SWALI: Mzee, sisi hapa Gulu tunachonga na grenda, tumefunga diski ya msumeno na kutoa kile kifuniko ili ifike kwenye kona. Kazi inaenda haraka. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na nawaomba muitoe leo. Grenda ndogo ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Soma ile diski ya msumeno, imeandikwa kasi yake ya mwisho, mara nyingi iko chini ya hapo. Jino likikwama kwenye mbao grenda inaruka, na mnaishika kwa mikono miwili karibu na tumbo na shingo, bila kifuniko. Ziko diski za kuchongea mbao zilizotengenezwa kwa grenda, zile zenye vipele kama tupa, zinakula polepole zaidi lakini haziumi na kukwama. Tumia hizo, kifuniko kikiwa mahali pake, na kona isiyofikika imaliziwe kwa patasi. Na stima ikikatika katikati ya kazi, kwa hio na kwa mashine yoyote, kitu cha kwanza ni swichi. Zima, alafu ndio ulalamike. Swichi nyingi zetu hazijizimi, stima ikirudi mashine inaamka yenyewe, hata kama mtoto amesimama hapo.

SWALI: Mimi ni mzazi, kijana wangu ameanza karakana Mbarara. Ajali ikitokea wafanye nini kwanza? Samahani kwa swali baya.

JIBU: Si baya mama, ningependa kila karakana iwe nalo ukutani. Mimi mwenyewe nilikatika kidole cha shahada nikiwa kijana, kwenye karakana moja hapa Kampala, na rafiki zangu kwa upendo wakakiweka kile kipande moja kwa moja kwenye barafu. Barafu ikakiunguza, daktari hakuweza kukirudisha. Kwa hio waambie hivi. Mmoja azime mashine, mwingine abane jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu na mkono uinuliwe juu, wasiachie kuchungulia. Pete zitoke upesi kabla mkono haujavimba. Kipande kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, kiingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe, alafu mfuko huo ndio uwekwe ndani ya maji yenye barafu, kipande kisiguse barafu wala maji. Majeruhi asile wala asinywe, huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Waende hospitali yenye daktari wa upasuaji, mtu apige simu mbele wakiwa njiani waulize kama yupo, na asipandishwe bodaboda peke yake, maana wengine wanazimia. Namba ya hospitali hio iandikwe leo karibu na swichi, kwa herufi kubwa, na kijana wako ndiye aiandike.